Asilimia 51 ya nani? Siasa za kijiweni Kirumba

Mgeni akipita kijiweni Kirumba, hapa Mwanza, Jumatatu asubuhi atadhani watu wanagombania penalti. Mimi nafundisha sosholojia, na nimekalia benchi lile miaka ya kutosha kujua kwamba penalti huisha kabla chai haijapoa. Kinachobaki ni ubishi mwingine: klabu ni mali ya nani, na nani ana haki ya kusema.

Ubishi huo ni wa zamani. Chukua watani wawili wa Kariakoo, Dar es Salaam: Yanga ilianza mwaka 1935, Simba 1936, ingawa jina la Simba lilikuja 1971 na kabla yake ikiitwa Sunderland. Zote mbili zilikua kama vyama vya wanachama: kadi, ada, mkutano mkuu. Mwanachama alimchagua mwenyekiti, na akichoka naye alimng'oa. Mtu akikuambia mpira usichanganywe na siasa, muulize basi huo mkutano mkuu aliuita nini.

Miaka ya 1970 Yanga ilipasuka makundi mawili, Raizoni na Kandambili. Nawaomba wanafunzi wangu wayatazame majina hayo polepole. Raizoni ni vile viatu vya soli nene vya vijana wa mjini waliokwenda na wakati. Kandambili kila mtu anazijua. Watu waliogombania uongozi walitambuana kwa walichovaa miguuni, yaani kwa umri na kwa mfuko. Mwaka 1976 Pan African ikazaliwa kutokana na mpasuko huo. Baadaye tena wakaja Yanga Asili na Yanga Kampuni, safari hii wakivutana kama klabu igeuzwe kampuni au ibaki kwa wanachama. Kwa hiyo mjadala wa hisa haukuletwa na tajiri wa juzi. Simba ilipompata mfanyabiashara Mohammed Dewji kuwa mwekezaji kwa zabuni ya shilingi bilioni 20 mwaka 2017, na Serikali ikasisitiza wanachama wabaki na asilimia 51 ya hisa, lilikuwa swali lile lile limevaa suti.

Mwanza tuna kidonda chetu cha ziada. Wazee wa hapa hawajasahau tarehe 10 Agosti 1974, siku watani hao walipocheza hapa kwenye Uwanja wa Nyamagana na Yanga ikashinda 2-1, Gibson Sembuli akisawazisha na Sunday Manara akimaliza kazi. Nimesikia mzee wa Simba akiisimulia mechi hiyo kwa uchungu kana kwamba filimbi imepulizwa jana. Kwao, klabu za Kariakoo si za Dar es Salaam peke yake. Halafu Pamba, timu inayomilikiwa na Jiji la Mwanza, ikarudi Ligi Kuu mwaka 2024 baada ya kukosekana zaidi ya miaka ishirini, na ikija kucheza na mmoja wa wakubwa wale pale Uwanja wa Kirumba unaona majirani wa mtaa mmoja wamevaa jezi za mgeni. Vijana wanawaita wasaliti. Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyerithi timu kwa baba yake pamoja na jembe na jina la ukoo hajamsaliti yeyote. Lakini vijana wana hoja moja nzito: wanaodai sauti Kariakoo hawajawahi kudai kujua fedha za Jiji zinaendeshaje timu ya nyumbani.

Mjadala ulionifundisha zaidi niliusikia tawini, kwa klabu ambayo sitaitaja. Ajenda ilikuwa mabadiliko ya katiba. Mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, mwanachama mwenye kadi na ada kamili, alinyoosha mkono mara tatu bila kupewa nafasi. Mara ya nne alisimama tu.

"Mwenyekiti, hiyo asilimia 51 ni yangu mimi?"

"Ni yetu sote, mama."

"Haya. Mkutano uko Dar, zaidi ya kilomita elfu moja. Nauli kwenda na kurudi, kulala, kula, meza yangu sokoni imefungwa siku nne. Sasa hiyo yangu naipigia kura nikiwa wapi?"

Kijana mmoja akamwambia aache mambo ya wanaume. Hapo mzee aliyekuwa akisinzia ukutani akafumbua macho, akamuuliza kijana kama ada yake ya mwaka ule ameshalipa. Alikuwa hajalipa. Ukumbi ukanyamaza.

Nimesoma mengi kuhusu ushiriki wa wanachama. Sijakutana na swali lililoeleza tatizo vizuri kuliko la mama yule. Hisa hugawanywa kwenye karatasi, lakini kura inataka nauli. Anayekaa karibu na Msimbazi au Jangwani, yaliko makao ya Simba na Yanga, ana klabu kubwa kuliko mwenzake wa Igoma hapa Mwanza, hata kama kadi zao zinafanana.

Jioni ile tawi lilipitisha mchango wa kumsafirisha mjumbe mmoja. Waligombana karibu saa nzima aende nani. Mama wa dagaa alipendekezwa na mzee yule yule, akakataa kwa sababu ya meza yake, akatoa elfu tano, akadai risiti.