Waliozikwa Nyeri: Dhana Potofu Kuhusu Baden-Powell, Corbett na Wengineo

Nyeri, mji ulioko kilomita 150 hivi kaskazini mwa Nairobi, una makaburi yanayotajwa sana na kueleweka kidogo. Kosa kubwa ni kuchanganya mahali patatu tofauti: makaburi ya kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Petro, makaburi ya wanajeshi wa Vita vya Pili vya Dunia, na kanisa la kumbukumbu la Waitaliano kule Mathari. Mwanafunzi hupelekwa kumoja, akirudi darasani anaandika habari za kwingine. Yafuatayo ndiyo yanayosemwa mara nyingi, na jinsi mambo yalivyo.

"Baden-Powell amezikwa London. Jiwe la Nyeri ni la ukumbusho tu."

Ni kinyume kabisa. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alifariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941 akiwa na umri wa miaka 83, siku 45 kabla ya kutimiza 84, na akazikwa pale pale kwenye makaburi ya Mtakatifu Petro. Jiwe lililoko katika kanisa la Westminster Abbey, London, ndilo la ukumbusho, na chini yake hakuna mtu. Kosa hili lina sababu yake. Ndani ya kanisa lile makaburi halisi na mawe ya ukumbusho yamelazwa sakafuni pamoja, na mgeni akisoma jina hudhani mwenyewe yumo humo. Serikali ya Kenya imelitangaza kaburi la Nyeri kuwa mnara wa kumbukumbu ya taifa. Kwa hiyo kuchora jina juu yake au kumegua kipande cha jiwe ni kosa la jinai.

"Alikuwa mlowezi mwenye shamba, na skauti ilianzia Nyeri."

Hakuja Nyeri kulima. Alikuja kuishi mwaka 1938, mzee aliyestaafu na mwenye afya iliyochoka, akakaa na mkewe katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu ndani ya uwanja wa hoteli ya Outspan. Mwenye hoteli, Eric Sherbrooke Walker, aliwahi kuwa katibu wake. Jeshini Baden-Powell alikuwa ameshatoka tangu 1910. Kuhusu skauti, kambi ya kwanza ya majaribio ilifanyika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, Agosti 1907. Anayesema skauti ilizaliwa Nyeri amekosea kwa miaka thelathini na ushei.

"Duara lenye nukta kwenye jiwe lake ni alama ya siri."

Hili limezua maneno mengi yasiyo na msingi, yakiwemo ya uchawi na ya vyama vya siri. Jibu analo skauti yeyote aliyefundishwa kufuata njia. Kikundi kinapotembea porini, walio mbele huwaachia walio nyuma alama chini kwa mawe, vijiti au mafundo ya majani. Mshale maana yake piteni huku. Mistari miwili iliyokatizana, yaani msalaba wa X, maana yake msipite huku. Duara lenye nukta katikati huwekwa mwisho wa safari, na maana yake ni "nimekwenda nyumbani". Alama hiyo ya mwisho ndiyo iliyochongwa kwenye jiwe lake. Hakuna siri yoyote, kwani mtoto wa miaka minane hufundishwa alama hiyo siku ya kwanza ya mazoezi ya kufuata njia.

"Fundi alikosea: mume na mke wana tarehe moja ya kuzaliwa."

Fundi hakukosea. Robert alizaliwa 22 Februari 1857, na Olave, mkewe, 22 Februari 1889. Siku ni moja, miaka imepishana 32. Ndiyo maana skauti na Girl Guides duniani kote huadhimisha tarehe hiyo, na makaburi ya Nyeri hujaa vijana wenye sare na skafu. Mtu anayetaka kusoma mawe kwa utulivu au kupiga picha aepuke wiki hiyo.

Jambo jingine lisiloeleweka ni kwamba Olave hakuzikwa kwa jeneza. Aliishi mjane kwa miaka 36, akafariki Uingereza Juni 1977, mwili ukachomwa, na majivu yakaletwa Nyeri kuzikwa pamoja na mumewe. Usitafute tuta la pili.

"Jim Corbett amezikwa India."

Kosa hili lina udhuru kuliko yote, maana karibu kila kinachobeba jina la Corbett kiko India. Alizaliwa Nainital tarehe 25 Julai 1875, akaishi huko zaidi ya miaka sabini, na mbuga ya kwanza ya taifa ya India, iliyoanzishwa 1936 kwa jina la Hailey, ilipewa jina lake mwaka 1957. Lakini kufikia wakati huo alikuwa kaburini Nyeri tayari. Alihama India mwishoni mwa 1947 pamoja na dada yake Maggie, akafariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 19 Aprili 1955 akiwa na miaka 79, na akazikwa katika uwanja ule ule wa Mtakatifu Petro alimozikwa Baden-Powell. Wageni wengi huingia, hupiga picha kwa Baden-Powell, hutoka, wala hawajui kwamba wamempita mtu ambaye vijiji vya milima ya Kumaon, kaskazini mwa India, vilimwona kama mkombozi.

Sifa yake ilitokana na chui milia na chui wa kawaida waliokuwa wakila watu. Yule chui milia jike wa Champawat, aliyemuua mwaka 1907, alihesabiwa kuwa ameua watu 436 huko Nepal na India. Mara nyingi Corbett aligundua kwamba mnyama wa namna hiyo ana kidonda cha zamani au jino lililovunjika, na hawezi tena kukamata mawindo yake ya kawaida. Hilo linafaa kutajwa kwa sababu humu Kenya wapo wanaosimulia kwamba aliwinda chui milia katika msitu wa Aberdare. Haiwezekani. Mnyama huyo hayupo porini Afrika, na miaka yake ya mwisho Corbett alijulikana zaidi kwa kamera na kwa kutetea wanyama kuliko kwa bunduki.

Kuna wanaosema pia kwamba yeye na Baden-Powell walikuwa majirani Nyeri, wakinywa chai pamoja barazani. Hesabu ya miaka inakataa: mmoja alifariki 1941, mwingine akafika 1947. Walichoshiriki ni nyumba. Corbett na dada yake waliishi Paxtu, ile ile iliyojengewa Baden-Powell, na hapo ndipo mchanganyiko ulipoanzia.

"Elizabeth aliambiwa kifo cha babake akiwa juu ya mti, na Corbett ndiye aliyemwambia."

Corbett alikuwepo Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare, usiku wa kuamkia 6 Februari 1952, hilo ni kweli. Mfalme George wa Sita wa Uingereza alifariki usingizini usiku huo, na ndiyo sababu husemwa kwamba bintiye Elizabeth alipanda mtini akiwa binti mfalme akashuka akiwa malkia. Lakini hakuna aliyejua usiku ule. Habari ilimfikia mchana wa siku hiyo, alipokwisha kuondoka Treetops na kurudi Sagana Lodge, na aliyempa ni mumewe, Philip. Na jengo lile la juu ya mti halipo tena. Liliteketezwa mwaka 1954 wakati wa vita vya Mau Mau, na jipya likajengwa ng'ambo ya pili ya dimbwi.

"Baden-Powell alikuwa jenerali, kwa hiyo yuko kwenye makaburi ya vita."

Makaburi ya vita ya Nyeri ni uwanja mwingine kabisa, unaotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Sharti la tume ni tarehe. Kwa Vita vya Pili, mwanajeshi awe amefariki kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947, naye yumo katika utumishi au kifo chake kimetokana nao. Baden-Powell alifariki ndani ya kipindi hicho, lakini alikwisha kuwa raia kwa miaka thelathini. Cheo hakimwingizi mtu. Kanuni ya tume ni alama zinazofanana, ziwe za kanali au za askari wa kawaida, zenye namba ya utumishi, cheo, jina, kikosi na tarehe ya kufa.

Hata hivyo kanuni hiyo haikufuatwa kwa Waafrika waliokufa katika Vita vya Kwanza. Ripoti iliyotolewa na tume yenyewe Aprili 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wa vita vile walitoka karibu kila pembe ya Kenya na Tanganyika. Familia inayotafuta babu aliyekufa vita vya 1914–1918 isikate tamaa ikikosa jina kwenye orodha ya tume. Kukosekana kwa jina hakuthibitishi kwamba hakwenda vitani.

Kwa aliyekufa Vita vya Pili, orodha ya tume iko kwenye intaneti na haina malipo. Kinachokwamisha watu ni tahajia. Karani wa jeshi aliandika jina kama alivyolisikia, mara nyingi akigeuza jina la baba kuwa la ukoo. Jaribu kubadilisha R na L, ondoa herufi ya kwanza, tafuta kwa jina la baba peke yake. Ukiwa na namba ya utumishi kutoka kwenye medali au cheti, anza nayo. Namba haina tahajia.

"Mtawala wa Kiitaliano alirudishwa kwao baada ya vita."

Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyeiongoza Ethiopia kwa niaba ya mfalme wa Italia, alijisalimisha Amba Alagi, mlima wa huko, Mei 1941 na kuletwa Kenya akiwa mateka. Alifariki Nairobi tarehe 3 Machi 1942 kwa kifua kikuu na malaria. Yuko Mathari, nje kidogo ya mji wa Nyeri, ndani ya kanisa la kumbukumbu lililojengwa karibu na misheni ya Consolata, pamoja na mabaki ya askari wake 676. Masanduku ya askari yamo ndani ya kuta, kila moja na jina lake, kwa hiyo anayetafuta nyasi na misalaba nje atarudi bila kuona kitu.

Wengi hulichanganya kanisa hili na lile dogo la Mai Mahiu, kwenye mteremko wa Bonde la Ufa. Hilo la Mai Mahiu lilijengwa na mateka wa Kiitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara mwaka 1942, na ni mahali pa sala tu. Ukitafuta ndugu wa Kiitaliano aliyefia Kenya, nenda Mathari.

"Mashujaa wa Nyeri wote wamezikwa Nyeri."

Tungependa iwe hivyo, ila sivyo. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alikamatwa Oktoba 1956 na kuhukumiwa Nyeri, lakini alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kufukiwa humo bila alama. Anayeonyeshwa "kaburi la Kimathi" Nyeri anaonyeshwa ukumbusho. Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira na mzaliwa wa Ihithe, Nyeri, alifariki 25 Septemba 2011. Hakutaka jeneza la mbao linalokata miti. Mwili wake ulichomwa Kariokor, Nairobi, na majivu yakazikwa Kabete kwenye taasisi ya chuo kikuu yenye jina lake.

Aliyepo Nyeri, na ambaye waongozaji wageni humsahau, ni Sista Irene Stefani, aliyeitwa Nyaatha na wenyeji. Kabla ya kufanya kazi Gikondi aliwauguza wapagazi wa vita katika hospitali za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Alifariki Gikondi tarehe 31 Oktoba 1930, akatangazwa mwenyeheri Nyeri mwaka 2015, na mabaki yake yako katika kanisa kuu la Consolata mjini. Gikondi mtu huenda kuhiji, lakini kaburi haliko huko.

"Jiwe likichakaa, lisugue kwa jiki na brashi ya waya."

Hivi ndivyo maandishi mengi yanavyopotea, tena kwa mikono ya watu wenye nia njema. Jiki huacha chumvi ndani ya jiwe. Chumvi ikikauka huvimba na kubandua tabaka la juu, na herufi huondoka nalo. Brashi ya waya hukwaruza, na chembe za chuma zinazobaki huweka madoa ya kutu. Saruji inayopakwa kuziba nyufa ni ngumu kuliko jiwe laini, hufungia maji ndani, na ufa unahamia pembeni. Chokaa juu ya maandishi hujaza herufi.

Linalofaa ni maji safi na brashi laini ya nailoni. Lowesha jiwe kwanza, sugua kuanzia chini kwenda juu ili uchafu usiache michirizi, kisha suuza. Jiwe likitikisika au likimung'unyika ukiligusa, liache na umwambie mtunzaji wa makaburi. Kaburi lililotangazwa kumbukumbu ya taifa usiliguse kabisa.

Maandishi yaliyofifia husomeka bila kugusa. Nenda asubuhi jua likiwa chini, au shika kioo pembeni ya jiwe kirushe mwanga kwa mshazari, na kila herufi itatoa kivuli. Asubuhi hiyo hiyo ndiyo nafasi nzuri ya kuuona Mlima Kenya ukiwa wazi kutoka makaburini, kwa kuwa mawingu huufunika kabla ya adhuhuri.

Kama jiwe halisomeki kabisa, omba kuona daftari la mazishi la kanisa. Angalia safu ya tarehe kwa makini, kwani daftari huandika siku ya kuzikwa na jiwe huandika siku ya kufa. Tofauti ya siku moja au mbili kati yake si kosa la karani wala la fundi.