Kufuata Saa Moja Si Kuishi Siku Moja

Wengi huamini kwamba vijiji viwili vinavyofuata saa rasmi ileile huishi siku ileile, na kwamba kile kinachochelewa kuamka ni cha wavivu. Dhana hiyo inawaonea watu. China nzima hufuata saa ya Beijing tangu mwaka 1949, ilhali dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa. Kati ya mashamba ya Kashgar, magharibi, na yale ya Fuyuan, mashariki kabisa, kuna nyuzi zipatazo 58 za longitudo, yaani karibu saa nne za jua. Jua la utosi humfikia mkulima wa Fuyuan yapata saa tano asubuhi kwa saa ya ukutani, lakini mwenzake wa Kashgar hulisubiri hadi karibu saa tisa alasiri, ndiyo maana Wauighuri wengi, wenyeji wa eneo hilo la magharibi, hutumia saa yao isiyo rasmi, iliyo nyuma kwa saa mbili. Katikati ya majira ya baridi, saa nne asubuhi huko Kashgar jua lenyewe halijachomoza. Mkulima aliye bado nyumbani, taa ikiwaka, hajachelewa kwa lolote.