Kasuku mnene: kumwachisha alizeti bila kumlaza njaa

Usimkadirie kasuku kwa macho, manyoya yanaficha mengi. Mshike, pitisha kidole kifuani kutoka juu kwenda chini ukitafuta mfupa wa kidari. Kwa ndege mwenye afya utaugusa ukingo wa mfupa kwa urahisi, na nyama imejaa vizuri pande zote mbili. Kidole kikizama kwenye kijifereji, yaani pande zimevimba kuupita mfupa, huyo amenenepa. Kasuku wa kijivu wengi huwa kati ya gramu 400 na 550, lakini namba peke yake haitoshi: wa gramu 480 mwenye umbo dogo anaweza kuwa mnene kuliko wa 530 mwenye mifupa mikubwa.

Chanzo karibu kila mara ni bakuli la alizeti na karanga lisiloisha. Kiini cha alizeti kina mafuta takriban nusu ya uzito wake, na karanga vivyo hivyo. Tukienda kwa uzito tu, punje moja ya karanga kwa kasuku wa gramu 450 ni kama mtu wa kilo 70 kula karibu gramu 100. Kuna wanaosema mbona kasuku wa msituni Kongo na Uganda wanakula chikichi, nazo zimejaa mafuta. Ni kweli. Ila chikichi ina karotini, ndiyo inayoipa ule wekundu, na mwili huigeuza kuwa vitamini A. Tena ndege ameifuata kwa mabawa yake, mwendo mrefu. Alizeti ina upungufu mkubwa wa vitamini A na kalsiamu, na tunduni inafuatwa hatua mbili.

Kosa linaloua ni kuondoa mbegu zote siku moja, kuweka chakula kipya na kusema "akisikia njaa atakula". Kasuku aliyekulia alizeti hajui kwamba karoti ni chakula. Anaweza kushinda na njaa mbele ya bakuli lililojaa. Mnene ndiye yuko hatarini zaidi: akikosa chakula, mwili huyeyusha mafuta na kuyapeleka kwenye ini, na ini lenyewe tayari limejaa mafuta. Ukiona mdomo umerefuka kupita kiasi au una madoa meusi, anahema mkia ukipanda na kushuka, au ile sehemu nyeupe ya kinyesi imegeuka kijani, usianze lolote kabla hajaonwa na daktari wa wanyama anayejua ndege.

Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Weka kitagaa juu yake, irudishe kwenye sifuri, mpandishe ndege. Mpime kila asubuhi akishatoa kinyesi cha kwanza na kabla hajala, kisha andika. Kupanda na kushuka gramu chache ni kawaida. Lengo ni kupungua karibu asilimia 1 kwa wiki, isizidi 3. Tuseme ana gramu 540 na unamtaka afike 460: hiyo ni kazi ya miezi minne hivi. Akisoma 540, siku ya tatu 531, ya tano 520, huo si ushindi, ni kwamba hali chakula. Mrudishie mbegu siku hiyohiyo, uanze tena taratibu zaidi. Akipoteza asilimia 10 ya uzito aliokuwa nao mwanzo bila daktari kujua, simamisha.

Gazeti la chini ya tundu nalo linasema. Kinyesi kikiwa kidogo, cheusi kwa ukijani, ujue hali chakula, hata kama bakuli linaonyesha vurugu za mlo. Kasuku ni hodari wa kusaga peleti (chakula cha kiwandani cha punje zilizoshindiliwa) na kumwaga unga wake chini, na maganda matupu ya alizeti hufanana sana na chakula kilichobaki. Kinyesi chenye maji mengi baada ya mboga si kuhara. Ni maji ya mboga.

Wiki ya kwanza badilisha saa tu. Bakuli liwepo asubuhi na jioni, dakika 40 hivi kila mara, badala ya kutwa nzima. Wiki ya pili anza kupunguza alizeti, nafasi yake ichukuliwe na mtama, uwele na ulezi. Mtama na uwele zina mafuta asilimia 3 hadi 5 tu, ulezi hata pungufu ya hapo, na ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka zetu nyingine. Bado ni mbegu, kwa hiyo hagomi.

Mboga ndiyo yenye ubishi. Ziwekwe asubuhi, kabla ya mbegu, njaa ikiwepo. Chemsha kiazi kitamu cha rangi ya chungwa, kiponde, kisha zika mbegu ndani yake. Akichomoa mbegu mdomo unatoka na rangi ya chungwa, na lazima aulambe. Hapo ndipo anapojifunza ladha. Baadaye ongeza sukuma wiki na majani ya kunde vilivyokatwa vidogo sana, karoti, boga, pilipili hoho. Hata pilipili kali. Ndege hawasikii ukali wake. Mchicha mpe mara mojamoja, kwa kuwa oksaleti zake hushika kalsiamu, na kasuku wa kijivu akipungukiwa kalsiamu hupata degedege. Kwa joto la Pwani, chakula kibichi au kilicholowa kitolewe baada ya saa mbili. Parachichi asipewe kamwe, ni sumu kwake.

Peleti za kasuku ukizipata, ziingize robo kwa robo, kila robo wiki mbili, ukianza na zilizosagwa na kunyunyizwa juu ya kile kiazi. Ukizikosa, tafadhali usikimbilie chakula cha kuku wa mayai. Kina kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4, iliyopigiwa hesabu ya kuku anayetaga karibu kila siku. Kasuku asiyetaga kitamuumiza figo. Karanga zenye ukungu au harufu ya uvundo tupa zote, usichambue, kwa sababu sumukuvu haionekani kwa macho.

Adui mwingine ni sebule. Mtoto anampa kipande cha andazi, bibi anamchovyea chapati kwenye chai, na mizani inabaki palepale wiki tatu huku mfugaji akiapa kwamba anafuata ratiba. Wapeni kikopo kimoja chenye punje 10 za alizeti kwa siku, na anayetaka kumpa kitu achukue humo. Kikiisha kimeisha. Zile punje zitumike kumwita aruke kutoka kitagaa kimoja hadi kingine, mwanzo hatua mbili, kisha chumba kizima. Aliyekatwa mabawa apande kamba. Akianza kuhema mdomo wazi, mwache apumzike, mwendelee jioni.