Hasara ya Kuachishwa Kazi Haiishi Siku ya Kuajiriwa Upya

Kiwanda kinapofungwa au kampuni inapopunguza wafanyakazi, hasara ya walioondolewa huhesabiwa kwa miezi waliyokaa bila mshahara. Hesabu hiyo ina kasoro, kwa sababu sehemu kubwa ya hasara huwapata baadaye, wakiwa wameshaajiriwa kwingine.

Mwaka 1993, Louis Jacobson, Robert LaLonde na Daniel Sullivan walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani, waliokuwa wamemtumikia mwajiri mmoja kwa miaka 6 au zaidi. Walioondoka katika kampuni zilizopunguza watu kwa wingi walikuwa, hata miaka 5 baadaye, wakipata takriban asilimia 25 pungufu ya kile ambacho wangepata kama wasingeachishwa. Tena kipato chao kilikuwa kimeanza kushuka miaka kama 3 kabla ya kuondoka, kampuni ilipokuwa ikiyumba. Ndiyo maana kulinganisha mshahara mpya na ule wa mwisho hakutoshi: kipimo sahihi ni wenzao wa sifa zilezile ambao hawakuguswa.

Aliyekaa mahali pamoja miaka mingi huwa amezifahamu mashine za pale, wateja wa pale na taratibu za pale, na mwajiri mpya hana sababu ya kumlipa kwa ujuzi usiomfaa. Zaidi ya hayo, zipo kampuni zinazolipa vizuri kuliko nyingine kwa kazi ileile, na anayetoka katika hizo si rahisi aangukie nyingine ya namna hiyo. Muda nao humwelemea. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013, watafiti walituma maombi ya kubuni kwa waajiri wa Marekani, wakaona kwamba nafasi ya mwombaji kuitwa hupungua kadiri anavyokaa bila kazi, hasa katika miezi 8 ya mwanzo. Mwombaji hubanwa pande zote mbili: akiikubali kazi ya kwanza huenda akajifunga kwenye ujira mdogo, na akisubiri sana waajiri huanza kumtilia shaka. Kwa maoni yangu, hapa ndipo mafao ya ukosefu wa ajira yana thamani yake kubwa, kwani humpa mtu nafasi ya kuchagua.

Wakati wa kuachishwa nao una uzito ambao bidii ya mtu haiwezi kuufuta. Steven Davis na Till von Wachter walikadiria mwaka 2011 kwamba wanaume wa Marekani wenye miaka 3 au zaidi kazini, wakiachishwa kwa wingi pale ukosefu wa ajira ulipokuwa chini ya asilimia 6, walipoteza katika miaka 20 iliyofuata kiasi kinacholingana na kipato cha mwaka 1.4; lakini ukosefu huo wa ajira ulipozidi asilimia 8, walipoteza kipato cha miaka 2.8.