Mtoto Anaumwa Mafua Kila Mara: Je, Kinga Yake ni Dhaifu?

Mzazi anaingia kliniki amebeba mtoto wa miaka miwili, kamasi zinamtiririka, na swali ni lile lile tunalolisikia karibu kila siku: "Daktari, nimpe dawa gani ya kuongeza kinga? Huyu mafua hayamwishi." Ukimtazama mtoto, mbali na hizo kamasi, yuko sawa. Anakula, anacheza, na mstari wa uzito kwenye kadi yake unapanda. Huyo hana upungufu wa kinga. Mtoto mdogo mwenye afya njema huugua mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka, na akianza kuchangamana na wenzake kwenye kituo cha kulelea watoto huweza kufikisha hata 10. Virusi vinavyoleta mafua ni zaidi ya aina 200, na karibu vyote ni vigeni kwake. Mwili wake unavijua kimoja baada ya kingine.

Kuvijua huko ndiyo kinga yenyewe. Mwaka 1846 surua ilizuka katika visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Bahari ya Atlantiki, ambako haikuwa imeonekana kwa miaka 65. Daktari kijana kutoka Denmark, Peter Panum, alitumwa kwenda kuichunguza. Kati ya wakazi wapatao 7,800, takriban 6,000 waliugua. Lakini wazee walioiugua mwaka 1781, wakiwa bado watoto, safari hii haikuwagusa. Miaka 65 ilikuwa imepita na miili yao ilikuwa bado inaikumbuka.

Kumbukumbu ya namna hiyo hupatikana kwa kuugua au kwa kuchanjwa, na hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea hesabu. "Acha augue, ndipo akomae," husema baadhi yao. Kwa mafua ya kawaida, sawa. Kwa surua ni kinyume kabisa, kwa sababu kirusi chake hushambulia zile zile chembe zinazotunza kumbukumbu ya magonjwa mengine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwapima watoto ambao hawakuchanjwa, kabla na baada ya kuugua surua, ukakuta wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili, yaani protini za damu zinazotambua vijidudu, walizokuwa nazo. Mtoto kama huyo anapona surua, kisha anaanza upya na nimonia na kuhara ambako mwili wake ulikwisha kukuzoea.

Kwa hiyo ukiniuliza dawa ya kuongeza kinga, nitakuuliza kwanza kadi ya chanjo. Na nitaangalia dozi ya pili ya surua, maana ndiyo inayosahaulika: mtoto ameshatembea, haumwi, na safari za kliniki zimepungua. Dozi ya kwanza ikitolewa akiwa na miezi 9, takriban watoto 15 kati ya 100 hawajengi kinga ya kutosha. Dozi ya pili inawafikia hao. Homa ndogo baada ya chanjo isikutishe. Ni mwili unajifunza.

Kabla ya chanjo nyingi kufika, mtoto hutegemea kinga ya kuazima. Kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma, hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, ndiyo maana mtoto njiti huzaliwa na akiba ndogo. Akiba hiyo hufifia ndani ya mwaka wa kwanza. Maziwa ya mama huziba pengo, kuanzia yale mazito ya njano ya siku za mwanzo. Wapo wanaoyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu, kumbe yamejaa kingamwili zinazotanda kwenye utumbo wa mtoto na kuzuia vijidudu visipate pa kushika. Anyonyeshwe ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya huku akila hadi miaka 2 au zaidi.

Chakula nacho kina nafasi yake. Tezi iliyoko nyuma ya mfupa wa kifua, ambamo sehemu ya askari wa damu (chembe nyeupe) hukomaa, husinyaa mtoto akipata utapiamlo mkali. Anahitaji protini, madini ya chuma na zinki, na vitamini A, na vyote hivyo vimo katika mlo mchanganyiko wa kawaida. Sirapu za "kuongeza kinga" hazimwongezei kitu mtoto anayekula vizuri, na vitamini A ikizidi hudhuru ini. Matone ya vitamini A yanayotolewa na wahudumu wa afya kwenye maeneo yenye upungufu ni jambo jingine. Hayo yamepimwa, mpe.

Usingizi pia: saa 11 hadi 14 kwa siku kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 2. Moshi wa sigara usiingie anapolala.

Kuhusu uchafu, mwache acheze nje na ashike udongo, ila anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Kinachonisumbua zaidi ni antibiotiki zinazonunuliwa kwa kila kikohozi. Haziui virusi vya mafua, bali huua bakteria wema wa tumboni ambao mwili wa mtoto unawategemea kuizoeza kinga yake.

Wapo watoto wachache ambao kinga yao kweli ina hitilafu, na dalili zao hazifanani na kamasi za kila mwezi. Ni nimonia mara mbili au zaidi kwa mwaka, majipu ya ndani yanayojirudia, utando mweupe mdomoni usiokwisha baada ya mwaka wa kwanza, uzito usiopanda, au maambukizi yasiyosikia dawa. Ukiona mojawapo, au kama kwenye ukoo kuna watoto waliofariki wachanga kwa maambukizi, mpeleke hospitali aonwe na daktari wa watoto, ukiwa na kadi yake na orodha ya dawa zote alizowahi kutumia.