Kalenda mbili za mheshimiwa

Kila inapotoka habari kwamba waziri au mkurugenzi fulani anatuhumiwa kuipa kazi kampuni yake mwenyewe, napata ujumbe uleule kutoka kwa wanaojua shughuli yangu: "Wewe mkaguzi, huyu kala au hajala?" Huwa sijibu. Siku ya kwanza hakuna ajuaye, hata aliyeiandika habari.

Wengi hudhani mkaguzi wa kiuchunguzi huanza kwa kusaka begi la noti. Mabegi yapo, na moja nitalisimulia hapa chini. Lakini afisa mwenye biashara zake hana shida ya begi. Anayeweza kupeleka ankara ana haja gani ya bahasha? Kampuni inalipwa kwa mkataba wenye mihuri yote, kodi inakatwa, risiti inatolewa, na ukiifuata pesa unaikuta imetulia benki, haina hata aibu. Kwa hiyo pesa naiacha kwanza. Naanza na tarehe.

Nachora mistari miwili kwenye karatasi ndefu. Wa juu ni kalenda ya ofisi: siku aliyoteuliwa, siku aliyosaini tamko la mali, vikao alivyoongoza, siku zabuni ilipotangazwa na ilipofungwa, siku mkataba uliposainiwa, siku nyongeza ya mkataba ilipoidhinishwa. Wa chini ni kalenda ya kampuni: ilisajiliwa lini, nani aliingia na nani alitoka kwenye ukurugenzi, hisa zilihama lini, leseni ya kazi ile ilipatikana lini. Halafu naitazama karatasi, wakati mwingine siku nzima.

Kampuni yenye umri wa wiki tatu inashinda kazi ya miaka mitatu. Zabuni inakaa wazi siku saba tu, ilhali michoro na dhamana ya benki vinavyotakiwa haviwezi kupatikana ndani ya mwezi, na bado mzabuni mmoja analeta kila kitu kimekamilika. Huyo aliambiwa mapema. Sijui bado ni nani aliyemwambia, lakini tayari najua ofisi ya kuingia.

Mfano ninaoupenda kuufundisha unatoka Iceland. Sigmundur Davíð Gunnlaugsson aliingia bungeni mwaka 2009, naye na mkewe wakiwa wamiliki wa Wintris, kampuni iliyosajiliwa visiwani ng'ambo. Nyaraka za Panama, faili za siri za kampuni ya mawakili ya huko zilizovuja na kuchapishwa mwaka 2016, zilionyesha kwamba nusu yake alimuuzia mkewe kwa dola 1. Bei yenyewe inachekesha, lakini mimi niliganda kwenye tarehe: 31 Desemba 2009. Kesho yake ilianza kutumika sheria ambayo ingemtaka aitaje kampuni hiyo kama mgongano wa maslahi. Wintris ilikuwa ikizidai benki za Iceland zilizoanguka, na mwaka 2013 yeye akawa waziri mkuu wa serikali iliyoshughulikia madai ya wadai wa benki hizohizo. Alisisitiza kwamba hakuvunja sheria na kwamba kodi zote zililipwa. Aprili 2016 alijiuzulu. Ondoa tarehe hiyo moja, na kinachobaki ni mume na mke wakigawana mali yao.

Sasa lile begi. Albert Fall alikuwa waziri wa Marekani aliyesimamia ardhi ya umma. Mwaka 1922 alikodisha akiba ya mafuta ya jeshi la majini bila ushindani: Teapot Dome kwa Harry Sinclair, Elk Hills kwa Edward Doheny. Seneta Thomas Walsh, aliyeongoza uchunguzi, hakuishia kwenye visima. Alivutiwa na ranchi ya waziri huko New Mexico. Kodi ya mali ya miaka mingi ambayo haikuwa imelipwa ikalipwa ghafla, ardhi ya jirani ikanunuliwa, ukarabati ukaanza. Mshahara wa waziri haukupanda, basi nini kilipanda? Januari 1924 Doheny akakiri kwamba alimkopesha rafiki yake Fall dola 100,000, zilizopelekwa na mwanawe kwenye begi dogo jeusi. Siku ya kupelekwa: 30 Novemba 1921, miezi michache kabla ya mikataba. Mwaka 1929 Fall alitiwa hatiani kwa kupokea hongo. Mwaka uliofuata kesi ya Doheny ya kutoa hongo hiyohiyo ikasikilizwa, akaachiwa huru. Wanafunzi wangu huwa hawaamini wakifika hapo, na mimi huwaacha wabishane.

Tarehe ina ubaya mmoja: inaweza kughushiwa. Lakini kughushi tarehe ni kazi ngumu kuliko kughushi saini, kwa sababu lazima kila kitu kwenye karatasi kikubaliane na siku iliyoandikwa. Mwaka 2017 nchini Pakistani, wachunguzi wa mali za familia ya waziri mkuu Nawaz Sharif walipewa hati ya Februari 2006 iliyosainiwa na binti yake. Mtaalamu wa nyaraka akaona imechapwa kwa fonti, yaani mtindo wa herufi, ya Calibri, ambayo haikuanza kuuzwa kwa umma hadi Januari 2007. Niongeze upesi kwamba binti huyo, aliyetiwa hatiani mwaka 2018, mahakama ya rufaa ilimfutia hukumu mwaka 2022, na baba yake akafuata mwaka 2023. Fonti inaweza kukutia mashaka makubwa. Kufunga mtu ni kazi ya ushahidi mwingine.

Hapa niwaudhi kidogo wanaopenda hukumu za haraka. Afisa wa serikali kuwa na biashara si rushwa, na katika nchi nyingi si kosa hata kidogo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa wa mwaka 2003, ibara ya 8, unazitaka nchi zijitahidi kuweka utaratibu wa maafisa kutamka kazi zao za nje, mali zao na zawadi kubwa wanazopokea. Maslahi yanatamkwa, kisha mwenye maslahi anakaa pembeni. Kosa huingia pale anapoficha, au anapotamka halafu akaamua mwenyewe. Ibara ya 20 inakwenda mbali zaidi: utajiri uliokua kupita kipato halali, na mwenyewe hawezi kuueleza, uwe kosa la jinai. Hiyo nchi zinatakiwa kuifikiria tu. Baadhi zimeikataa kwa hoja kwamba inamtwisha mtuhumiwa mzigo wa kujitetea kabla ya mshtaki kuthibitisha lolote. Hoja hiyo siidharau.

Sina sababu ya kuidharau, kwani niliwahi kukabidhiwa faili la afisa aliyeandamwa miezi mingi kwamba kampuni "yake" inakula zabuni za idara yake. Jina lake lilikuwa bado kwenye tovuti ya kampuni, na picha juu. Kwa msajili wa makampuni nikakuta hati ya kuhamisha hisa yenye muhuri wa kupokelewa miaka minne kabla hajateuliwa, na malipo ya mauzo yakiwa kwenye taarifa ya benki mwezi uleule. Mnunuzi hakuwa ndugu wala mtu wa kuazimwa jina, yule anayeandikwa mmiliki kwa niaba ya mwingine aliyejificha. Kampuni ilikuwa imezembea tu kufuta ukurasa.

Watu wa kuazimwa jina ndio wanaonichosha. Mke na shemeji ni rahisi. Dereva, mpwa, au karani wa wakili wanachukua miezi. Siku hizi sheria nyingi zinadai kampuni zimtaje mmiliki manufaa, yaani binadamu anayefaidi mwishoni. Uingereza na nchi nyingine nyingi zimeweka kizingiti cha hisa zaidi ya asilimia 25. Basi utakuta wanahisa watano, kila mmoja na asilimia 20, na wote wanatumia anwani moja ya barua. Kwa hiyo siku hizi nauliza zaidi nani ana saini benki, na nani alidhamini mkopo wa kwanza wa kampuni. Mtu wa kuazimwa jina hukubali kusaini fomu, ila ni wachache wanaokubali kuweka rehani nyumba zao.

Na nikishapata hayo yote, bado naomba muhtasari wa vikao. Kuna bodi moja ambayo mwenyekiti wake alijitetea vizuri sana: alitangaza maslahi, akatoka nje, na muhtasari ulimuunga mkono hadi dakika. Ajenda ya saba, kuchagua mshindi: saa 5:40 mwenyekiti alitoka, saa 6:05 alirejea. Nikarudisha kurasa nyuma. Ajenda ya nne ya kikao kilichotangulia ilikuwa kuidhinisha vigezo: mzabuni awe na mtambo wa aina fulani ambao kampuni moja tu ndiyo iliyokuwa nao. Katika ajenda hiyo hakuna aliyetoka, na saini ya mwenyekiti ipo chini ya ukurasa.