Tustroki ya dizeli hainywi oili kwenye tangi

Wiki iliyopita niliitwa Mokowe, huku Lamu, kutazama boti ya mizigo yenye 6-71 ya zamani, injini ya dizeli ya silinda sita na ya mapigo mawili, yaani tustroki. Ilikuwa ikitoa moshi wa buluu hadi abiria wa boti za jirani wakajifunika leso. Nilimkuta nahodha ameinamia tangi, jerikeni la dizeli la lita 20 mkono mmoja, na mkono wa pili chupa ya nusu lita ya oili ya mashine ya Yamaha. Nikamuuliza anafanya nini.

"Mwanangu, hii si tustroki? Tustroki sharti inwe oili."

Mzee yule ni rika la marehemu baba yangu, nikameza mate kwanza ndipo nikamjibu. Lakini maneno hayo nimeyasikia Shela, nimeyasikia Faza, nimeyasikia kwa mwenye jenereta ya barafu kule Malindi, na safari moja kwa fundi mwenzangu mwenye vyeti ukutani. Hapa simezi mate tena.

Tuanze na Yamaha yenyewe, maana ndiko kosa lilikozaliwa. Tustroki ya petroli tunayoifunga nyuma ya mashua haina sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Hewa na petroli hupita kwanza ndani ya kasha la krenki, chini ya pistoni, ndipo husukumwa juu kwenye silinda. Oili haina mahali pa kukaa, kwa hiyo lazima ije pamoja na petroli, na mashine nyingi hutaka sehemu moja ya oili kwa hamsini za petroli. Usipotia, beringi za krenki zinakauka na siku yako imekwisha. Hapo mzee ana haki.

Sasa njoo kwenye dizeli. Injini za Series 71 za General Motors, ukoo wa hiyo 6-71, zilizotoka mwaka 1938, zina sampu kamili chini na pampu ya oili kama lori lolote. Hewa haipiti kwenye krenki kabisa. Blowa lililofungwa ubavuni huisukuma hewa tupu, isiyo na mafuta, hadi kwenye kisanduku cha hewa kinachozunguka laina, yaani ukuta wa silinda, na pistoni ikishuka chini kabisa, matundu ya laina yanafunguka, hewa inaingia kwa nguvu na kuufukuza moshi utoke juu kwa valvu za egzosi. Mafuta huja mwisho, kwa nozo, pistoni ikiwa imepanda na hewa imekwisha kubanwa. Neno tustroki linasema tu kwamba kila mzunguko wa krenki una mlipuko. Halisemi lolote kuhusu unachotia tangini.

"Lakini nikitia kidogo kuna ubaya gani?" Chupa moja haitakuulia injini leo, sitakudanganya. Ila oili haiungui safi kama dizeli, huacha masizi. Nilipozitoa nozo za boti ile, ncha zake zilikuwa zimevaa ukoko mgumu wa kijivu kama masizi ya chungu cha kuni. Mashimo ya nozo ni membamba, huwezi kupitisha hata unywele wa mtoto bila kupepesa macho. Yakifunikwa ukoko, dizeli haitoki kama ukungu tena, inatoka kama mkojo wa paka. Inalowesha pistoni, inaosha oili kwenye laina, na ringi zinaanza kusagika. Mzee alikuwa akitia oili ili kuzilinda ringi zile zile.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: nozo za injini hizi hupewa dizeli nyingi kuliko inayochomwa. Inayobaki hupita ndani yake ikizipoza na kuzilainisha, kisha hurudi tangini. Dizeli safi ndiyo dawa yake. Pesa za chupa za oili nunulia filta.

Oili inayostahili kukuumiza kichwa ni ile ya sampu, na hapo ndipo watu wanapobana pesa. Wanatia 15W-40 kwa sababu duka zima lina 15W-40. Injini hizi zinataka oili yenye namba moja tu badala ya mbili, SAE 40, inayoacha jivu dogo ikiungua. Sababu iko kwenye pini inayoiunga pistoni na mkono wake. Katika fostroki, injini ya mapigo manne, pistoni hupata pigo moja la kupumzika, pini ikainuka kidogo kwenye bushi na oili ikapenya. Katika tustroki pistoni inakandamizwa kila mzunguko, kwa kubana au kwa kulipuka, na nafasi hiyo ya kupumua haipo. Utando wa oili ukiwa mwembamba, bushi inaliwa. Mimi mteja akikosa SAE 40 Lamu namwambia asubiri boti ya kesho, na wapo walionikasirikia kwa hilo.

Nikiwa bado ngamani kwenye boti ile nikaona jambo la pili, na hili ndilo lililonitoa jasho. Ubavuni mwa injini, chini ya kisanduku cha hewa, kuna vibomba viwili vidogo. Kimoja kilikuwa kimezibwa kwa kijiti cha mkoko kilichochongwa vizuri kabisa, kazi ya mtu wa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi, bila shaka. Nikauliza kwa nini. "Kilikuwa kikivuja."

Kinatakiwa kivuje! Hewa inayopita kwenye blowa hubeba unyevu na chembe za oili, na vibomba vile vimewekwa kiwandani ili uchafu huo utoke. Injini ikiwa inaunguruma, weka kidole kwenye mdomo wa kibomba: utasikia pumzi na utatoka na kidole chenye mafuta. Usiposikia pumzi, kimeziba, kizibue. Ukichukizwa na matone, tega kopo. Ukikifunga, oili inajikusanya kisandukuni, na siku moja itaingia kwenye silinda kwa wingi. Injini hii haibagui, dizeli na oili zote kwake ni chakula. Itaanza kuchoma oili yake yenyewe na kupanda mbio bila gavana, kile kidhibiti mbio cha injini, kuwa na la kusema.

Na hapo usikimbilie swichi wala kufunga bomba la dizeli. Dizeli ya zamani haina haja ya umeme ili izunguke, na wakati huo haili tena dizeli ya tangi. Kinachoizima ni kuinyima hewa. Ndiyo maana juu ya blowa kuna kibati cha dharura chenye waya wake. Kijaribu injini ikiwa imezimwa, uone kinafunga kweli, kwa maana vingi nilivyovikuta vimeshika kutu kwa chumvi. Usiizime kwa njia hiyo kila siku, kwani kibati kikifunga injini ikiwa mbioni blowa huvuta oili kupitia sili zake. Na boti zote ninazozihudumia naziwekea kipande cha mbao ya plai, kimekatwa sawasawa na mdomo wa kuingizia hewa, kikining'inia kwenye msumari pale pale. Wananicheka. Kitambaa humezwa, na mkono sikushauri.

Mengine wanayosema watu kuhusu injini hizi nitayapitia upesi. "Inalia kama inakufa." Silinda sita kwenye mizunguko 1,800 ni milipuko 10,800 kwa dakika, mara mbili ya fostroki iliyo sawa nayo, kwa hiyo sikio lako linadhani inakimbia kuliko inavyokimbia. Mtu akiionea huruma akaiacha ikiguguma saa nzima gatini bila mzigo, ndipo anapoiharibu, kwa maana inapoa, dizeli haiungui vizuri na bomba la moshi linaanza kutema weusi.

"Blowa ni la kuongeza nguvu." Hilo limetoka kwa Wamarekani wa mbio za magari, walioyang'oa mablowa haya na kuyafunga kwenye injini za petroli. Kwenye 6-71 lenyewe ni mapafu. Pasipo blowa haiwaki.

"Hizi hazifi." Kweli, zilivusha askari ufukweni katika vita vikuu vya pili, na kifaru cha Sherman aina ya M4A2 kilikuwa na mbili za namna hii. Ila zinakufa kwa joto, tena upesi. Kichujio cha maji ya bahari kikijaa mwani na mifuko ukipita mlango wa bahari wa Mkanda maji yakiwa machache, una dakika chache tu.

"Tustroki ni mambo ya kale." Barabarani ndiyo, ziliondolewa na sheria za moshi na ulaji wa mafuta. Lakini tazama meli za makontena zinazoingia bandari mpya kule Kililana. Nyingi zinasukumwa na tustroki za dizeli zenye kimo cha nyumba ya ghorofa, zikizunguka mara mia hivi kwa dakika. Hata hizo hazichanganyiwi oili kwenye mafuta. Oili ya silinda hupigwa kwa pampu yake kupitia matundu ya laina.

Nozo nimezisafisha, kijiti nimekitoa. Mzee aliniuliza ile chupa iliyobaki aitupe baharini au vipi. Nikamwambia ampelekee mwanawe mwenye Yamaha.